Kuchagua shahada ya uzamili ya ustawi wa jamii ukiwa Nairobi: mwongozo kamili

Kila mwaka, Agosti ikikaribia, vijana ninaofanya nao kazi huanza kuniletea barua za vyuo. Mwaka juzi alikuja mmoja, mchapakazi hasa, aliyekuwa amehudumu katika kituo cha watoto Kayole kwa miaka minne. Alizipanga barua tatu za kukubaliwa mezani pangu kama mama mboga anavyopanga nyanya, akasema, "Madam, nisaidie. Nichukue gani?" Kabla sijasoma hata jina la chuo nikamuuliza: "Katika hizi tatu, ni ipi itakayokutoa darasani ikupeleke kwa watu, na ni nani atakayeketi nawe kila wiki mzungumzie kesi zako?" Alinyamaza. Hakuna barua hata moja iliyokuwa imegusia jambo hilo.

Naandika kwa ajili yake na wenzake: wenye shahada ya kwanza, wenye kazi au wanaoitafuta, wanaotaka kusonga mbele katika taaluma hii wakiwa hapa Nairobi. Nina sababu ya kusisitiza swali lile. Mimi mwenyewe nilianza vibaya. Nilijiunga na programu moja kwa kuwa jina lake lilikuwa na neno "jamii" na madarasa yalikuwa karibu na steji yangu ya matatu. Mihula miwili ikapita ndipo nikagundua kwamba kozi nzima haikuwa na siku hata moja ya mafunzo ya vitendo. Karo ya mwaka ilikuwa imeshalipwa. Niliacha, nikakaa mwaka mzima nikiweka akiba, kisha nikaanza upya kwingine.

Hatua ya 1: Andika kazi unayoitaka kabla ya kutafuta chuo

Chukua karatasi uandike: nikishahitimu, Jumatatu asubuhi nitakuwa wapi, nikifanya nini, na nani ameketi mbele yangu? Ukishindwa kujibu, usilipe ada ya maombi bado. Matawi ya taaluma hii hayafanani.

Kazi ya watoto ina mahitaji yake. Sheria ya Watoto ya 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001, inagusa malezi ya kambo, uangalizi, kuasili na mtoto anayekinzana na sheria, na katika mambo hayo anayeamua, mara nyingi mahakama, hungoja ripoti ya mtu aliyekwenda nyumbani, akaona, akauliza. Anayeelekea huko atafute programu yenye masomo ya ukuaji wa mtoto, sheria, na uandishi wa ripoti inayoweza kusimama mbele ya hakimu. Hospitali ni ulimwengu mwingine. Hospitalini afisa wa ustawi huwatafuta jamaa za mgonjwa aliyeletwa bila kitambulisho, huketi na familia iliyozidiwa na bili, na hupanga na ndugu jinsi mgonjwa atakavyoishi akirudi nyumbani. Huyo anahitaji afya ya akili, majonzi, na namna ya kufanya kazi katikati ya madaktari na wauguzi bila kumezwa nao. Kuna probesheni, ambako Sheria ya Amri za Huduma kwa Jamii ya 1998 inampa mkosaji nafasi ya kutumikia adhabu akiwa nje ya gereza, na afisa ndiye anayemfuatilia. Kuna wakimbizi wanaoishi mjini, wengi wao Eastleigh. Na kuna kazi ya mezani, kama kupima iwapo pesa za Inua Jamii, mpango wa serikali wa misaada ya fedha, zinawafikia wazee na watoto yatima waliokusudiwa. Hapo takwimu zitakufaa kuliko ushauri nasaha.

Nikomee kwenye ushauri nasaha kidogo, maana wengi huchanganyikiwa hapo. Kenya ina Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya 2014, na ushauri nasaha umewekewa bodi yake. Kama ndoto yako ni kuwa na chumba chako na watu waje mmoja mmoja kuzungumza nawe kwa saa nzima, huenda unachotafuta ni uzamili wa saikolojia ya ushauri. Soma masharti ya bodi hiyo kwanza. Nimeona watu wawili wakimaliza uzamili wa ustawi wa jamii wakidhani umewafungulia mlango huo, kisha wakaambiwa warudi darasani.

Njia nzuri ya kujipima: kusanya matangazo kumi ya kazi unazozitamani. Za serikali hutoka katika gazeti lake la MyGov kila Jumanne, za kaunti kwenye tovuti za bodi zao za utumishi, za mashirika mitandaoni. Pigia mstari maneno halisi wanayotumia kutaja shahada. Wengine huandika "ustawi wa jamii au taaluma inayohusiana", wengine hutaja sosholojia waziwazi, wengine hawajali jina mradi una miaka mitano ya kazi. Ukimaliza kumi hizo utajua kama unahitaji uzamili sasa, au unahitaji kwanza miaka miwili zaidi ya kazi. Hilo la pili ni jibu halali kabisa.

Hatua ya 2: Soma kilichomo ndani ya jina

Nairobi imebarikiwa vyuo. Chuo Kikuu cha Nairobi kina idara inayobeba sosholojia, ustawi wa jamii na masomo ya wanawake wa Afrika pamoja. Ukienda Lang'ata utawakuta Catholic University of Eastern Africa na jirani yake Tangaza, iliyopata hati yake ya chuo kikuu 2024 na ambayo kwa miaka mingi imefundisha mabadiliko ya jamii kwa mkabala wa imani na haki. Kwenye Thika Road kuna Kenyatta, na USIU pale Roysambu yenye jina katika saikolojia. Daystar iko Valley Road na Athi River. Kozi hufunguliwa na kufungwa kila mwaka, kwa hiyo orodha ya mwaka huu ichukue kutoka idara yenyewe.

Usiishie kwenye jina. Omba orodha ya masomo ya muhula kwa muhula. Sosholojia itakueleza kwa nini Mathare iko jinsi ilivyo: ardhi, ukoloni, ajira, maji. Ni elimu yenye thamani kubwa, na watafiti wazuri wametoka humo. Masomo ya maendeleo yatakufundisha kupanga mradi, kuandaa bajeti na kupima matokeo. Ustawi wa jamii wenyewe unapaswa kukufundisha ufanye nini ukishabisha hodi na mlango ukafunguliwa: namna ya kufanya kazi na mtu mmoja, na familia, na kundi, na mtaa mzima, maadili ya siri na mipaka, sheria na sera, utafiti, na juu ya hayo yote, vitendo. Mashirikisho ya kimataifa ya taaluma hii yalikubaliana kuhusu maana yake Melbourne 2014, na ufafanuzi huo unaiita taaluma inayotokana na vitendo pamoja na fani ya kielimu. Programu yenye nusu moja tu ni nusu.

Ukisoma orodha ya masomo ukakuta nadharia ya kwanza, nadharia ya pili, mbinu za utafiti, kisha tasnifu, basi hiyo ni shahada ya mtafiti. Ichukue ikiwa unataka kufundisha au kufanya utafiti.

Hatua ya 3: Hakikisha kibali

Hatua hii ni fupi lakini usiiruke. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, inafanya kazi chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012. Angalia mambo mawili kando kando: chuo chenyewe kimeidhinishwa, na kozi yenyewe imeidhinishwa. Chuo chaweza kuwa na hati safi kabisa huku kozi moja mpya ikiwa bado haijapita. Muulize karani wa udahili akuonyeshe barua ya kuidhinishwa kwa kozi, uandike tarehe. Asiyekuwa na la kuficha haoni taabu kuonyesha. Katika mfumo wa kitaifa wa sifa za elimu, shahada ya kwanza iko ngazi ya 7, stashahada ya uzamili ngazi ya 8, uzamili ngazi ya 9. Hakikisha unacholipia ni cha ngazi ya 9, kwa sababu majina ya stashahada na ya uzamili hufanana sana kwenye mabango.

Hatua ya 4: Atachimenti (mafunzo ya vitendo kazini), na atakayekusimamia huko

Hapa ndipo ningekuomba utumie muda wako mwingi.

Tazama kwanza wenzetu wanavyoipima. Marekani, baraza linaloidhinisha elimu ya ustawi wa jamii, CSWE, linadai mwanafunzi wa uzamili afanye saa zisizopungua 900 za vitendo. Australia ni saa 1,000. Uingereza, mafunzo ya kumfanya mtu asajiliwe kufanya kazi hii yana siku 200 za kujifunza kwa vitendo. Sikutajii hizi ili uone vyuo vyetu ni duni. Ninakupa kipimo mkononi. Ukiambiwa programu ina "atachimenti ya wiki sita", piga hesabu: wiki sita za siku tano, saa nane kwa siku, ni saa 240. Sasa una jambo la kuuliza.

Piga hesabu nyingine pia, ya maisha yako. Saa 900 ukizifanya siku mbili kwa wiki, saa nane kila siku, ni wiki 56 na ushee. Ni zaidi ya mwaka. Mwajiri wako atakuachia siku mbili kwa wiki mwaka mzima? Zungumza naye kabla ya kujiunga, wala usingoje barua ya chuo ikufikie kwanza. Wengi huomba wafanyie atachimenti mahali pa kazi pao. Baadhi ya idara hukubali, lakini zilizo makini huweka sharti: uwe kitengo tofauti, na asiyekuwa bosi wako ndiye akusimamie. Sharti hilo linakulinda. Bosi anataka kazi iishe. Msimamizi anataka ujue kwa nini uliifanya ulivyoifanya.

Tofauti hiyo niliielewa kwa shosho mmoja. Nikiwa kwenye atachimenti yangu nilitumwa kwa bibi aliyekuwa akilea wajukuu watatu katika chumba kimoja. Nilikwenda na fomu, nikauliza maswali yote, nikajaza kila mstari, nikarudi ofisini nimefurahi. Msimamizi wangu, mama wa makamo aliyekuwa ameshafanya kazi hii miaka ishirini, aliisoma fomu polepole. Kisha akaniuliza, "Uliketi wapi?" Nikasema nilisimama, maana kulikuwa na kigoda kimoja tu na shosho alinipisha nikakataa. Akauliza, "Na yeye?" Nikakumbuka kwamba naye alisimama, dakika arobaini, kwa magoti yale. Alisimama kwa kuwa mgeni wake amesimama. "Mwanangu," akaniambia, "alikupa kigoda, ukakataa heshima yake. Unadhani atakuambia la moyoni?" Wiki iliyofuata nilirudi, nikakaribishwa kigoda, nikaketi, naye akaketi kitandani. Ndipo nikasikia kuhusu mjukuu wa nne, ambaye hakuwa kwenye fomu.

Hakuna mtihani ambao ungenifundisha hilo. Kwa hiyo ukienda idarani, uliza maswali haya, na uandike majibu:

Ni saa ngapi za vitendo, na zimeandikwa wapi katika mtaala? Idara ina makubaliano na taasisi gani, za aina gani, au kila mwanafunzi hujitafutia nafasi mwenyewe kwa kubisha milango? Msimamizi wa uwanjani lazima awe na shahada ya ustawi wa jamii, au yeyote mwenye ofisi anatosha? Mnakutana mara ngapi, na mhadhiri wa chuo huja kukutembelea huko mara ngapi? Nikitumwa kwenye nyumba yenye hatari, nani anawajibika, na je, kuna bima? Nauli ya uwanjani ni ya nani?

Idara nzuri itakujibu papo hapo, pengine kwa furaha, maana mara chache huulizwa. Ukiambiwa "hayo tutayaona ukishajiunga", mshukuru aliyekujibu, uondoke.

Hatua ya 5: Tasnifu, na muda wa kweli wa kuhitimu

Brosha husema miaka miwili. Masomo ya darasani huisha ndani ya mwaka mmoja au mmoja na nusu, na watu wengi huyamaliza vizuri. Wanakwama baadaye: pendekezo la utafiti linarudishwa mara nne, msimamizi amesafiri, kazini kumebanwa, mtoto amezaliwa. Miaka inapita huku ada ya kubaki kwenye daftari la chuo ikilipwa kila muhula.

Muulize mratibu wa uzamili swali la wazi: walioingia miaka mitatu iliyopita walikuwa wangapi, na wangapi wamehitimu? Kisha jihakikishie mwenyewe. Vyuo vingi huweka tasnifu zao mtandaoni. Hazina ya Chuo Kikuu cha Nairobi iko wazi kwa yeyote. Tafuta tasnifu za idara hiyo za miaka mitatu ya karibuni. Angalia majina ya wasimamizi yanayojirudia, na mada wanazozisimamia. Soma tatu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ukikuta zote zina muundo uleule, hojaji zilezile na mapendekezo yaleyale ya "serikali iongeze fedha", utajua wanafunzi wanasimamiwa kwa mwendo gani. Ukikuta moja iliyokufanya usimame kidogo na kufikiri, andika jina la msimamizi huyo. Ndiye unayemtafuta.

Uliza pia kama chuo kinadai uchapishe makala katika jarida la kitaaluma kabla ya kufuzu. Baadhi hudai, na huweza kukuongezea miezi mingi.

Utafiti wetu una vizuizi vyake halali. Utahitaji idhini ya kamati ya maadili, na leseni ya utafiti kutoka NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Ukitaka kuwahoji watoto, walezi wao watatakiwa kuridhia, na mtoto mwenyewe akubali kwa kadiri ya umri wake. Kamati huwa makini sana hapo, na ni vyema iwe hivyo. Panga miezi, usipange wiki. Na tafadhali usichague kuwatafiti watu ambao wewe ndiwe afisa wao. Mama anayekutegemea kwa barua ya msaada wa karo hawezi kukukatalia mahojiano, na "ndiyo" ya asiyeweza kukataa si ridhaa.

Hatua ya 6: Piga hesabu yote ya pesa

Tuseme karo ni shilingi 80,000 kwa muhula, mihula minne. Hiyo ni 320,000, na wengi huishia hapo. Ongeza ada ya maombi, usajili, kitambulisho, mitihani na maktaba. Ongeza ada ya kusimamiwa tasnifu ikiwa inatozwa kando, ada za kamati ya maadili na leseni, uchapishaji na ujalidi wa nakala. Nauli ya shilingi 200 kwa siku, siku tatu kwa wiki, wiki 30 kwa mwaka, kwa miaka miwili ni 36,000, bila kuhesabu siku za mvua ambapo nauli hupandishwa. Kisha weka pembeni karo ya mihula miwili ya ziada kwa ajili ya tasnifu. Usipoihitaji, utakuwa umejiwekea akiba.

HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu inayojulikana zaidi kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, hutoa pia mikopo kwa wa uzamili. Omba mapema na usome masharti ya kulipa ukiwa tayari umeajiriwa. Walio serikalini waulize kuhusu likizo ya masomo na bondi ya kutumikia baada yake. Uliza chuo chenyewe kuhusu kazi za usaidizi wa kufundisha. Shirika la Ujerumani la DAAD hufadhili pia masomo ya uzamili katika vyuo teule vya ukanda wetu. Angalia kama programu yako imo.

Usichukue mkopo wa simu kulipia karo. Nimeona kijana mwenye akili akiacha masomo muhula wa tatu kwa sababu hiyo, na nilihuzunika sana.

Hatua ya 7: Ratiba na barabara

Masomo ya jioni huanza mara nyingi saa kumi na moja na nusu, huisha saa mbili na nusu usiku. Ukitoka kazini Industrial Area saa kumi na moja, hufiki Lang'ata kwa wakati. Ifanye safari hiyo mara moja, siku ya kawaida ya wiki, saa ileile, kabla ya kulipa chochote. Kisha ifanye ya kurudi. Dada zangu, hili la kurudi lifikirieni zaidi: gari la mwisho linakushusha wapi, na kutoka hapo hadi mlangoni unatembea na nani? Madarasa ya Jumamosi yanaweza kukufaa zaidi hata kama yanarefusha masomo kwa muhula mmoja.

Hatua ya 8: Kama unafikiria nje ya nchi, au mtandaoni

Watu wengi siku hizi wanatazama Uingereza na Canada. Sawa, lakini fahamu tofauti mbili.

Ya kwanza: uzamili unaosomewa nje si lazima ukusajilishe nje. Uingereza, yaani upande wa England, cheo cha mhudumu wa ustawi wa jamii kinalindwa na sheria, na anayesajili ni Social Work England. Uzamili wa kukuingiza kwenye daftari lao kwa kawaida ni wa miaka miwili, pamoja na zile siku 200. Ufadhili wa Chevening hulipia uzamili wa mwaka mmoja, humtaka mwombaji awe na uzoefu wa kazi wa angalau miaka miwili, na humtaka arudi nyumbani kwa miaka miwili baadaye. Kwa hiyo Chevening ni nafasi nzuri ya kusoma sera ya jamii na kurudi Nairobi na mawazo mapya. Kama lengo ni kusajiliwa huko, hiyo siyo njia. Afrika Kusini nako, shahada ya kwanza ya miaka minne ndiyo mlango wa usajili. Uzamili juu ya shahada ya fani nyingine haukupi usajili huo.

Ya pili: wakaguzi wa nje husoma saa za vitendo. Ukiwa na ndoto ya kuhamia siku moja, hata ikiwa ni ya mbali, hifadhi tangu leo barua zinazoonyesha saa ulizofanya, mahali, na aliyekusimamia. Marekani, CSWE ina kitengo kinachotathmini shahada za ustawi wa jamii kutoka nchi nyingine, na njia fupi ya uzamili kule imewekewa walio na shahada ya kwanza ya ustawi wa jamii inayotambuliwa. Aliyesoma sosholojia Nairobi ataanza njia ndefu.

Kwa programu za mtandaoni, uliza mambo matatu kabla ya kujaza fomu: wanapokea mwanafunzi anayeishi Kenya, nani atakutafutia atachimenti Nairobi na nani atakusimamia, na CUE itaitambua shahada hiyo ukirudi kuitumia hapa. Jibu la mwisho litoke CUE yenyewe, wala usilipokee kwa wakala wa udahili mwenye ofisi ya kukodi mjini.

Hatua ya 9: Maombi

Vyuo vingi hapa hutaka daraja la pili la juu katika shahada ya kwanza, au la pili la chini likiambatana na uzoefu wa kazi wa takriban miaka miwili. Aliye na daraja la chini asikate tamaa. Taaluma hii inauheshimu uzoefu, na barua ya mwajiri inayoeleza ulichofanya hasa ina uzito.

Mpe anayekuandikia barua ya mapendekezo muda wa mwezi mmoja, pamoja na nusu ukurasa unaomkumbusha kazi mlizofanya pamoja. Mwalimu aliyewafundisha wanafunzi mia mbili hakumbuki uliketi safu ipi.

Barua yako binafsi ndiyo ninayosisitiza. Kila mwombaji huandika "tangu utotoni nimependa kusaidia watu". Ifute. Eleza kesi moja, bila jina wala alama za kumtambulisha mtu, ambapo ulifika mwisho wa ujuzi wako. Mtoto aliyerudi mtaani mara tatu baada ya kurudishwa nyumbani, kwa mfano. Ulijaribu nini? Nini kilishindikana? Unahitaji kujifunza nini ili asirudi mara ya nne? Kisha taja somo na mhadhiri katika programu yao anayelishughulikia jambo hilo. Utakuwa umeshafanya kazi ya hatua ya 5, kwa hiyo utamjua.

Hatua ya 10: Siku ya kuamua

Ukibaki na programu mbili, zungumza na wanafunzi wawili wa kila moja, mmoja wa mwaka wa kwanza na mmoja aliyekwama kwenye tasnifu. Aliyekwama atakuambia ukweli. Chama cha wahudumu wa ustawi wa jamii nchini, KNASW, nacho ni mahali pa kukutana na waliopitia njia hiyo na kuuliza bila aibu. Omba uketi darasani jioni moja. Sikiliza kama kuna kesi zinazojadiliwa au kuna slaidi zinazosomwa.

Yule kijana wa Kayole alirudi na barua zake, akapiga simu tatu. Idara ya kwanza haikupokea. Ya pili ilimwambia atafute atachimenti mwenyewe. Ya tatu ilimpa mwanamke aliyemsomea polepole orodha ya taasisi tisa, akamuuliza anapendelea watoto au hospitali, naye akasema watoto. "Basi anza na hospitali," akaambiwa, "hao watoto unawajua tayari." Sasa kila Alhamisi yuko wodini, na Ijumaa jioni hupita ofisini kwangu na daftari lake, akavuta kiti, akaanza kuniuliza.